Miezi mitano ya tetrasaiklini: kipindupindu cha Tanzania, 1977–1978

Oktoba 1977, kipindupindu kilipoibuka Tanzania katika mlipuko ambao wachunguzi waliuhesabu kuwa wa nne, watu wa maabara walikuwa na jambo moja la kushukuru. Vimelea vyote vya mwanzo walivyovipima havikuweza kuota mbele ya tetrasaiklini. Ilikuwa dawa ya kumeza, ya bei nafuu, na waganga walikuwa wameizoea. Miezi mitano baadaye, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa haviguswi na dawa hiyohiyo.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979 katika jarida la Lancet na Fred Mhalu, mtaalamu wa mikrobiolojia wa Muhimbili, pamoja na wenzake. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kinachonisimamisha kila mara si ile 76. Ni maelezo yanayoiambatana: kwa miezi mitano dawa ilitumika kwa wingi, kutibu na pia kukinga.

Siku hizi tukizungumzia usugu wa dawa, lawama humwendea mgonjwa. Alikatiza dozi, alinunua vidonge viwili tu, alimgawia jirani vilivyobaki. Hayo yapo na yana madhara yake. Lakini katika mlipuko ule, wengi waliomeza tetrasaiklini walimeza kwa sababu waliambiwa wameze, tena wakiwa hawaumwi. Kosa lao pekee ni kuishi karibu na mgonjwa. Ukitafuta mtukutu wa kumnyooshea kidole humpati. Unachokuta ni uamuzi wa kiafya uliokuwa na sababu zake, na matumbo ya watu wasioumwa yaliyogeuka, bila yeyote kukusudia, kuwa mahali pa kuwapembua bakteria sugu na kuwaachia uwanja.

Kwa nini wasioumwa walipewa dawa

Ni rahisi leo kuwahukumu waliogawa vidonge vile. Nadhani tunawaonea tusipoangalia walichokuwa wanakiona.

Kipindupindu hicho kilikuwa cha aina ya El Tor, jina lililotokana na kituo cha karantini katika rasi ya Sinai, Misri, ambako vibrio (bakteria wa kipindupindu) wa namna hiyo walitambuliwa mwaka 1905. Wimbi kubwa la saba la kipindupindu duniani, ambalo halijaisha mpaka leo, lilianzia Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961. Mwaka 1970 lilikuwa limefika Afrika Magharibi, na mwaka 1974 Tanzania ikaripoti wagonjwa wake wa kwanza. Kuanzia 1977 wagonjwa wakawa wanaripotiwa kila mwaka.

El Tor ana tabia inayomkosesha usingizi afisa wa afya. Wengi wanaommeza hawaugui kabisa, au wanaharisha kidogo na kuendelea na kazi zao, huku kwa siku kadhaa wakimtoa kwenye choo. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa mmoja kambini, ujue wapo wengine wanaotembea, wanachota maji, wanapika na kupakua. Ndipo linapokuja wazo kwamba ukiwapa dawa wote waliomzunguka mgonjwa, unawafikia na hao usiowaona.

Na hofu ilikuwa ya haki. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu lita nzima ya maji kwa saa moja, choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Mtu analala mzima, na kabla jua halijapanda macho yamezama, sauti imekauka, ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyeshinda akifua nguo. Mahututi asipopata maji, nusu kwa nusu anakufa. Aliyewahiwa na maji ya chumvi na sukari, au dripu, karibu kila mara anapona. Vifo vinashuka chini ya asilimia 1. Tanzania ya miaka ile ilikuwa mbali na asilimia 1. Kuanzia 1977 hadi 1992, wastani wa vifo ulikuwa asilimia 10.5 ya wagonjwa walioripotiwa. Kati ya kila watu kumi, mmoja na zaidi hakurudi nyumbani.

Mbele ya hali hiyo, kidonge kina mvuto wake. Kinahesabika, kinabebeka kwenye baiskeli, kinagawika nyumba kwa nyumba, na kila mtu anaona kuwa serikali imefika. Bomba la maji safi linachukua miaka, na choo kinachostahimili mvua kinahitaji saruji.

Kinachokosekana ni hesabu ya siku. Dozi ya tetrasaiklini ikiisha, kinga yake inatoka mwilini ndani ya siku chache, na mtu anarudi kwenye kisima kilekile na ndoo ileile. Ili ugawaji ule ufanye kazi, watu wote wa eneo wameze kwa wakati mmoja, asiingie mgeni, asitoke mwenyeji, na maji yawe yameshasafishwa kabla dawa haijaisha. Pale ambapo maji yameshasafishwa, dawa ya kinga haina kazi tena. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kugawia jamii nzima antibayotiki kwa ajili ya kipindupindu. Ilichukua milipuko kama huu wa Tanzania kulionyesha hilo kwa tarakimu.

Ndani ya utumbo

Tetrasaiklini haimuui bakteria papo hapo. Inajipachika kwenye ribosomu, kile kiwanda kidogo kinachounga protini pete kwa pete kama mkufu, na inakaa pale ambapo pete inayofuata ilipaswa kutua. Bakteria anabaki hai, lakini hawezi kukua wala kujigawa, na kinga ya mwili pamoja na mwendo wa utumbo vinamwondoa.

Jeni za usugu wa tetrasaiklini zilizoenea zaidi kwa bakteria wa tumboni zinatengeneza pampu kwenye utando wa bakteria. Dawa inaingia, pampu inaitoa. Inaingia tena, inatolewa tena, kama baharia anayefua maji kwenye chombo kinachovuja. Chombo kinavuja vilevile, ila hakizami. Kwa kloramfenikoli mbinu ni nyingine: jeni inatengeneza kimeng'enya kinachoibandika dawa kipande kidogo cha kemikali, na dawa ikishabandikwa haishiki tena kwenye ribosomu. Nimeitaja kloramfenikoli kwa sababu Mhalu na wenzake waliona usugu dhidi yake pia, tena kwa kiasi kikubwa, ilhali dawa iliyokuwa inamwagwa kwa kinga ni tetrasaiklini.

Hapo ndipo mtu anapaswa kujiuliza: vipi bakteria anayeshambuliwa na dawa moja aibuke na ngao za dawa mbili au tatu kwa mpigo?

Jibu lilipatikana Nottingham, Uingereza, ambako vimelea vya Tanzania vilichunguzwa zaidi na Kevin Towner na wenzake wakishirikiana na Mhalu. Taarifa yao ya mwaka 1980, iliyotoka katika jarida la Shirika la Afya Duniani, ilionyesha kuwa usugu ulikuwa umebebwa na plazmidi za kundi C.

Plazmidi ni duara la DNA linalokaa pembeni ya kromosomu ya bakteria. Linajinakili lenyewe, na lile la kundi hili lina uwezo wa kujenga daraja hadi kwa bakteria jirani na kumpa nakala yake, naye mtoaji akabaki na yake. Jirani si lazima awe wa ukoo mmoja. Plazmidi za kundi C zinakaa kwa bakteria wengine wa tumboni, kama Escherichia coli (E. coli), kwa Klebsiella, kwa Salmonella, na kama tulivyoona, kwa Vibrio cholerae. Ni kubwa, nyingi zikiwa na herufi zaidi ya laki moja za DNA, na jeni za usugu zimepangwa humo moja baada ya nyingine. Kwa hiyo ukimpembua bakteria kwa tetrasaiklini, unamchagua pamoja na mzigo wake wote. Kloramfenikoli ilipoteza nguvu kwa sababu jeni yake ilisafiri kwenye chombo kimoja na jeni ya tetrasaiklini.

Jaribio la kuthibitisha kuwa usugu unahamishika ni jepesi, na ni zuri kulitazama. Unamchukua vibrio sugu, unamchanganya na E. coli asiye sugu kwenye mchuzi wa kuoteshea, unawalaza pamoja usiku kucha kwenye joto la mwili wa binadamu. Asubuhi unawapanda kwenye sahani yenye dawa mbili. Ya kwanza ni tetrasaiklini, ambayo jana E. coli yule hakuiweza. Ya pili ni dawa inayomzuia vibrio lakini huyo E. coli anaistahimili. Kwa sheria ya jana, sahani hiyo haiwezi kuota chochote. Ukiinua kifuniko ukakuta vidoadoa, kila kidoa ni ukoo wa E. coli aliyepokea plazmidi usiku ule. Mtu akishaiona sahani hiyo kwa macho yake, haongei tena juu ya usugu kama tabia ya kimelea kimoja.

Sasa rudi kijijini. Dawa haikuumba jeni ile. Jeni za usugu zilikuwepo tayari kwenye matumbo ya watu, kwa E. coli wa kawaida wanaoishi humo bila kumsumbua mtu. Aliyepewa tetrasaiklini ya kinga hakuwa na vibrio, au alikuwa nao wachache. Alichokuwa nacho ni mamilioni kwa mamilioni ya bakteria wakazi. Dawa iliwasimamisha wale wasio na pampu, na wenye pampu wakabaki wanajigawa katika nafasi iliyoachwa wazi. Siku vibrio alipoingia kwa maji ya kisimani, hakukuta utumbo mtupu uliolindwa. Alikuta utumbo uliojaa wenye plazmidi, na mabaki ya dawa yaliyohakikisha kwamba vibrio atakayepokea plazmidi ndiye atakayezaa.

Tukio la namna hiyo ni adimu sana kwa bakteria mmoja mmoja. Lakini mililita moja tu ya choo cha mgonjwa mkali inaweza kuwa na vibrio milioni 10 hadi milioni 100, na mgonjwa anatoa lita kwa lita. Ukizidisha kwa idadi ya wagonjwa na wabebaji, uadimu unakwisha. Vibrio akishapokea, choo chake kinamrudisha kwenye maji, na maji yanampeleka kwa mtu mwingine aliyemeza dawa ileile. Ugawaji wa kinga uliandaa kila kituo cha safari hiyo.

Hili ndilo linalonifanya nisikubali kisa hiki kihesabiwe pamoja na visa vya dozi zilizokatizwa. Hata kama kila mtu angemaliza dozi yake sawasawa, kwa saa zilizoandikwa, matokeo yangeelekea kulekule. Tatizo lilikuwa wingi wa matumbo yaliyoingiziwa dawa bila ugonjwa.

Na hasara haikuishia kwenye kipindupindu. Kloramfenikoli wakati ule ndiyo ilikuwa dawa kuu ya homa ya matumbo. Plazmidi iliyonenepeshwa kwa tetrasaiklini ya kinga ilikuwa na njia ya kumfikia Salmonella pia, bakteria anayeleta homa hiyo, ndani ya utumbo uleule.

Mgonjwa je, alihitaji dawa?

Swali hili waganga huliuliza, na lina uzito. Kwa mgonjwa mkali antibayotiki ina faida ya kweli: inapunguza wingi wa choo na kufupisha siku za kuharisha, takriban kwa nusu, na hivyo dripu chache zinatosha wagonjwa wengi zaidi. Kambi yenye vitanda ishirini na wagonjwa sitini inaielewa faida hiyo vizuri. Lakini kinachookoa maisha ni maji na chumvi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaanza kuwapa wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi wanywe, wakinyweshwa na ndugu zao. Vifo vilishuka hadi karibu asilimia 3 na nusu. Elimu hiyo ilikuwepo miaka sita kabla ya mlipuko wetu, ila ilikuwa bado haijawa mazoea ya vijijini. Lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi: hilo halimzalishi bakteria sugu hata mmoja.

Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma, mgonjwa mkali angepewa tetrasaiklini yake kama alivyopewa, na ile ya nyumba kwa nyumba ingebaki ghalani. Ningepeleka klorini badala yake.

Plazmidi iliyoondoka na kurudi

Tanzania haikubaki peke yake. Desemba 1979 vibrio wenye usugu wa dawa nyingi waliibuka Matlab, Bangladesh. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya nayo ilikuwa na vimelea sugu. Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia: plazmidi hizi hazikudumu kwa vibrio. Zilikuja kwa kishindo dawa ilipomwagwa, zikafifia baadaye.

Sababu moja ilijulikana mwaka 2022, maabara ya Melanie Blokesch huko Lausanne, Uswisi, ilipoonyesha kuwa vibrio wa wimbi la saba wana mifumo miwili ya ulinzi inayoziondoa plazmidi. Nyingine zinavunjwa, na kwa nyingine, bakteria aliyezibeba anaelemewa na kuachwa nyuma na wenzake wasiozibeba. Kwa hiyo vibrio wa El Tor kwa kawaida ni mwenyeji mbaya wa plazmidi. Mwaka 1977 alishikilia mzigo alioelekea kuutupa, kwa sababu tetrasaiklini ilikuwa kila mahali na kuutupa kulikuwa kufa.

Lakini usugu ulitafuta njia nyingine. Katika miaka ya 1990 wachunguzi walimkuta vibrio wa Madras, India, akiwa na kipande cha DNA walichokiita SXT, ambacho kinahama kati ya bakteria kama plazmidi, ila kikifika kinajichomeka ndani ya kromosomu na kukaa humo. Huko ulinzi dhidi ya plazmidi haukisumbui. Mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzake wengi, wakiwemo Waafrika, walisoma jenomu za vibrio 1,070 waliokusanywa kwa miaka 49, kutoka nchi 45 za Afrika. Waligundua kuwa tangu 1970 kipindupindu kimeletwa Afrika angalau mara 11, kila mara kikitokea Asia kwa njia moja au nyingine, na kwamba tangu mwaka 2000 walioletwa wote walikuwa na usugu wa dawa nyingi tayari. Kwa maneno mengine, Afrika Mashariki ya 1977 ilijitengenezea usugu wake hapahapa, na Afrika ya leo inaupokea ukiwa umeshatengenezwa.

Ningeweza kuishia hapo kama si Yemen.

Mlipuko wa Yemen ulioanza mwaka 2016, katikati ya vita, ni mkubwa kuliko wowote uliorekodiwa katika zama zetu. Zaidi ya wagonjwa milioni 2 walishukiwa. Vibrio aliyeusababisha alikuwa amepita Afrika Mashariki kabla ya kuvuka kwenda kule. Alipofika bado dawa nyingi zilimweza. Waganga wa Yemen wakawatibu wagonjwa wakali kwa dawa za jamii ya erithromaisini na azithromaisini. Mwaka 2018 usugu ukaibuka. Vibrio 260 wa mwaka 2018 na 2019 walipochunguzwa, walioshika nafasi walikuwa wamebeba plazmidi. Na ilikuwa ya kundi C.

Nilipoisoma taarifa hiyo, iliyotoka mwaka 2023, nilirudi kuangalia ile ya mwaka 1980 nikihakikisha sijasoma vibaya. Kundi ni lilelile. Jeni alizobeba safari hii ni nyingine, dawa iliyompembua ni nyingine, lakini namna ya chombo ni ileile. Tena safari hii plazmidi imeishi pamoja na SXT ndani ya vibrio mmoja bila kutupwa. Na vibrio wengine wa Yemen, wasio wa wimbi la saba na wasiosababisha kipindupindu, walikutwa nao wameibeba, maana yake jeni zilikuwa zinabadilishwa mikono huko majini au matumboni.

Kisha akarudi kwetu. Weill na wenzake walieleza mwishoni mwa 2024 kwamba vibrio yule wa Yemen amefika Lebanoni, Kenya mwaka 2023, kisha Tanzania, Komoro na Mayotte mwaka 2024. Komoro ilitangaza mlipuko Februari 2024, baada ya boti iliyotoka Tanzania kufika Moroni ikiwa na wagonjwa. Kabla haujazimika zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameugua. Mayotte waliugua zaidi ya 200. Vibrio huyo ana usugu dhidi ya dawa kumi, zikiwemo azithromaisini na siprofloksasini. Kwa kipindupindu dawa za kumeza zinazopendekezwa ni tatu. Mbili ni hizo. Ya tatu ni doksisaiklini, ambayo ni ya jamii ya tetrasaiklini.

Jamii ya dawa tuliyoipoteza kwa miezi mitano mwaka 1978 ndiyo pekee ya kumeza iliyotubakia kwa vibrio huyu.

Dukani

Niliwahi kusimama kwenye duka la dawa, siku ambazo mtaa wa pili ulikuwa na wagonjwa wa kuharisha. Mama mmoja, umri wa miaka sitini na kitu, alifungua pindo la kanga akatoa noti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe doksi za kuzuia kipindupindu. Nyumbani tuko sita."

"Kuna anayeharisha, mama?"

"Hakuna, Mungu anasaidia. Nawahi tu. Zamani sisi tukiwa wasichana walikuwa wanatugawia, kila mtu na zake."

Muuzaji alikuwa binti mdogo tu. Hakumcheka wala hakumhubiria. Alimwekea kaunta vidonge vya kutibu maji ya kunywa na pakiti nne za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, akamwonyesha kidonge kimoja kinaingia kwenye maji kiasi gani na yakae muda gani. "Doksi mama tumwachie atakayeumwa. Zikizoeleka, siku ya kuumwa hazitamsaidia mtu." Mama alisita, akazihesabu pakiti, akauliza bei, ikawa nafuu kuliko alivyokusudia kutumia. Akaondoka nazo.

Nilitamani kumsimamisha nimwambie kwamba zile alizogawiwa usichanani nazijua, na kwamba ziliandikwa. Sikumsimamisha; alikuwa na haraka ya maji.

Kazi yangu ni maabara, na kipimo kinachoamua mambo haya hakijabadilika sana tangu siku za Mhalu. Unapakaza vibrio kwenye sahani ya agari, ule utomvu mgando wa kuoteshea bakteria, kwa pamba, kulia kushoto, ukigeuza sahani mara tatu pasibaki pengo. Unaweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake na kina herufi zake. Kesho yake sahani nzima imefunikwa na ukungu mwembamba wa bakteria, na pale ambapo dawa inafanya kazi kuna duara safi linaloizunguka karatasi. Unachukua rula, unapima upana wa duara kwa milimita.

Kwa vibrio huyu wa Yemen na Mayotte, ukungu unaota hadi kwenye ukingo wa karatasi ya azithromaisini. Kwa siprofloksasini hakuna duara la kutegemewa. Kwenye karatasi ya tetrasaiklini duara lipo, safi, unaona meza kupitia agari. Ndilo la kupima kila anapoletwa mgonjwa mpya, na kuliandika.